Mashine ya kukatia nyasi: ipi ya kwanza, ipi isubiri

Wengi wetu tunapokwenda kununua kifaa cha kukatia nyasi tunawaza nyasi zilivyo siku hiyo, fupi na kavu. Wewe waza wiki ya tatu ya mvua: ua umelowa, shughuli zimekubana, nyasi zinakugusa magoti. Kifaa kitakachoshindwa siku hiyo kitaishia stoo. Hicho ndicho kipimo nilichotumia hapa, kwa ua wa kawaida wenye miti, ukuta na kona kona.

1. Mashine ya kufyekea ya begani, ya petroli. Kama pesa inatosha kifaa kimoja tu, chukua hii. Inapita chini ya wigo, kandokando ya mtaro, hata kwenye mteremko ambako magurudumu hayaendi, na nyasi ndefu haziiogopi. Tafuta inayokubali vichwa viwili: uzi wa nailoni kwa nyasi laini na kando za ukuta, kisu cha chuma kwa magugu ya shina gumu. Ijaribu palepale dukani ukiwa umevaa mkanda wake. Ikikuvuta upande mmoja kabla hata haijawashwa, nusu saa ya kazi itakuonyesha mgongo ulipo.

Nyingi za injini hizi hazina tangi la oili. Oili inachanganywa na petroli. Kitabu kikiandika 50:1, ni mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli; 25:1 ni mililita 40. Ya kwangu ya kwanza niliiazimisha, ikajazwa petroli tupu. Ilinguruma vizuri kabisa, dakika chache tu, kisha ikanoki. Siku hizi anayekuja kuazima nampa fyekeo la mkono.

Ina ubaya wake. Haitakupa bustani iliyonyooka kama zulia. Inarusha mawe, kwa hiyo miwani na buti vihesabu kwenye bei. Na uzi wake ukizunguka shina la mti mchanga unachuna gome. Mti uliochunwa gome pande zote hukauka.

2. Mashine ya magurudumu ya betri. Kwa ua tambarare unaokatwa kila wiki, hii ningeiweka ya kwanza bila kufikiri mara mbili. Haina moshi, haina kamba ya kuvuta mpaka bega liume, na majirani hawatakununia. Usidanganywe na volti peke yake. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa: volti 40 kwa ampea-saa 4 ni 160. Hapo ndipo pa kulinganishia betri mbili. Uliza pia kama betri na chaja vimo kwenye boksi, maana nyingine huuzwa mwili mtupu na bei yake inapendeza kwa sababu hiyo tu. Kiangazi kikifika na kazi ikapungua, iweke betri mahali pa baridi ikiwa na chaji ya nusu hivi.

3. Ya kusukuma kwa mkono, yenye visu vya kuzunguka. Hukata kama mkasi, na mkato wake ni safi kuliko wa mashine zote hapa. Lakini iwe kwa kieneo kidogo na kwa mtu asiyeruka wiki. Nyasi zikirefuka inazilaza tu na kupita juu yake. Dukani, pitisha kipande cha karatasi kati ya visu huku ukizungusha gurudumu polepole. Ikikatika bila kuchanika, visu vimekaa sawa.

4. Ya magurudumu ya petroli. Ua ukiwa mkubwa na tambarare, sawa. Ukiwa mdogo, unanunua kelele na kazi ya kubadilisha oili. Hakikisha kimo cha kukata kinarekebishwa kwa mkono mmoja wa pamoja, si gurudumu moja moja. Ukichoka kurekebisha utakata kimo kilekile mvua na jua. Nyasi haitakiwi kupunguzwa zaidi ya theluthi moja kwa mara moja: ukitaka ibaki sentimita 6, kata kabla haijapita 9. Jua likizidi, iache ndefu kidogo ili ifunike udongo.

5. Ya umeme wa waya. Ni nyepesi na haisumbui, ila nusu ya akili yako itakuwa kwenye waya usiukate, na nyasi zilizolowa si mahali pa kuburuta ekstensheni.

Yoyote utakayochagua, ulizia visu au uzi wa akiba kabla hujalipa. Kisu butu hakikati, kinararua. Kesho yake utaona ncha za nyasi zimekuwa nyeupe, halafu kahawia. Na kabla ya kukigusa ukinoe, chomoa waya wa plagi, au toa betri.