Darubini ya 8x42: uzoefu wangu baada ya misimu miwili porini

Mimi ni dereva na mwongoza watalii hapa Arusha. Darubini niliyoanza nayo kazi ilikuwa 20x50. Muuzaji alinisimamisha mlangoni mchana kweupe, akanionyesha bango lililo mbali, nikalisoma herufi kwa herufi. Nikalipa papo hapo.

Siku iliyonifumbua macho nilikuwa Tarangire, jioni giza likikaribia, na familia kutoka Moshi: mzee mmoja mwalimu mstaafu na wajukuu zake. Chui alikuwa juu ya mgunga, mkia unaning'inia. Nikampa mzee darubini. Akaigeuza huku na huku, mikono ikimtetemeka kidogo, akasema, "Mwanangu, mimi naona kiza kinachezacheza tu." Alipokuja kuupata ule mti, chui alishashuka na kuingia kwenye nyasi. Mzee hakulalamika, lakini iliniuma, maana safari ile aliidunduliza muda mrefu.

Kosa lilikuwa kwenye zile namba, 20x50. Ya kwanza ni mara ngapi inavuta, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza: 50 kwa 20 ni 2.5. Hizo ndizo milimita za upana wa mwanga unaofika jichoni. Mchana zinatosha, kwa sababu mboni yenyewe imejibana. Giza likianza kuingia mboni hutanuka, na hapo 2.5 ni kiza. Halafu inayovuta mara 20 hukuza na mtetemo wa mkono mara 20, na eneo unaloliona linakuwa dogo mno. Hata tembo unamtafuta.

Sasa natumia 8x42, ambayo inatoa zaidi ya milimita 5. Ina uzito wa gramu 700 hivi, na imezibwa vizuri, vumbi na mvua ya masika havijaingia. Jioni naona madoa ya chui, siyo umbo tu. Kasoro yake ni mkanda, unakata shingo, nimeubadilisha. Vifuniko vya lenzi za mbele navyo vilidondoka wiki ya kwanza.

Kwa Ngorongoro peke yake ningechukua 10x42, kwa sababu kule chini kwenye kreta ni uwanda wa wazi, gari haliruhusiwi kutoka barabarani, na faru mara nyingi anakuwa mbali sana. Ila kwa mkono mtupu usizidi 10. Na uzime injini kwanza, kisha uegemeze viwiko kwenye ukingo wa paa. Anayepanda Kilimanjaro achukue ndogo ya 8x25, haimlemei, na mwanga wa mchana unamtosha.

Mvaa miwani akunje ile mipira ya machoni iingie ndani, asivue miwani. Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba ukiwa na miwani yako unaliona duara zima, bila weusi pembeni.

Kuna jambo ambalo wageni wengi hawajaonyeshwa. Macho yetu mawili hayalingani. Fumba la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka la kushoto lione safi. Kisha fumba la kushoto, na uzungushe kile kipete, yaani pete ndogo, cha upande wa jicho la kulia tu. Mara nyingi mtu anayesema darubini ni mbovu, ni kipete hiki hakijaguswa.

Na tafadhali, lenzi yenye vumbi usiifute kwa pindo la shati. Vumbi letu ni mchanga, linakwaruza. Pulizia hewa kwanza, kisha tumia kitambaa laini.

Ukienda kununua, nenda jioni. Toka nje ya duka na darubini mkononi, uangalie kwenye kivuli chini ya mti au chini ya gari lililoegeshwa. Muuzaji akikukataza kutoka nayo, tafuta duka jingine.