Uzoefu wangu wa miezi minane na kituo cha kulelea watoto mchana, Kirumba

Binti yangu alikuwa na mwaka 1 na miezi 10 nilipomwandikisha katika kituo kimoja cha mtaani kwetu, kwa kuwa biashara ya dagaa pale Mwaloni, soko letu la samaki hapa Mwanza, hunilazimu kutoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza, na dada aliyekuwa akinisaidia alikuwa amerudi kwao Sengerema. Hadi wakati huo mtoto alishinda mbele ya televisheni, nami nilidhani ametulia kwa sababu ni mpole. Maneno aliyoyatamka hayakuzidi manne.

Nilitembelea vituo vitatu. Viwili vya kwanza vilinionyesha kuta zilizochorwa herufi na watoto wa miaka 2 walioketishwa kwenye madawati wakikariri irabu. Cha tatu hakikuwa na rangi za kuvutia, lakini mlezi alichuchumaa, akamwamkia binti yangu "Mwangaluka" kwa Kisukuma anachokisikia kwa bibi yake, kisha akanyamaza kumsubiri ajibu. Alisubiri muda ambao mimi ningekuwa nimeshamjibia. Mtoto akainua mkono, na mlezi akaupokea mkono ule kama jibu kamili, akaendelea kuzungumza naye. Nililipa ada siku ileile.

Hayo ndiyo yanayoitwa malezi yenye mwitikio, ambayo pamoja na afya, lishe, ujifunzaji wa awali na ulinzi yamewekwa katika programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto iliyozinduliwa mwaka 2021. Pale kituoni niliyaona kwa macho: mtoto akinyoosha kidole kwenye kopo, mlezi hulitaja kopo, humpa, humwuliza ndani kuna nini. Vya kuchezea ni makopo, vibuyu na mipira ya matambara. Vizibo vya chupa huwekwa juu ya kabati kwa ajili ya wakubwa, maana mtoto wa chini ya miaka 3 hutia kila kitu mdomoni na anaweza kupaliwa.

Lipo lililonikasirisha. Alasiri moja ya mvua nilifika mapema nikakuta watoto wote, hata wachanga, wamewekwa mbele ya televisheni. Nilimweleza msimamizi waziwazi kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi kabisa skrini kwa mtoto wa mwaka 1, na kwa wa miaka 2 hadi 4 unataka isizidi saa 1 kwa siku. Alijibu kwamba mlezi mmoja alikuwa mgonjwa. Jibu hilo halikuniridhisha hata kidogo, kwa kuwa mlezi mmoja kuugua si jambo la dharura ambalo haliwezi kutarajiwa. Sijaikuta tena ikiwa imewashwa, ingawa bado hupita kwa saa wasizonitarajia.

Nyumbani nami nimebadilika. Jumapili tunachambua dagaa wa mboga pamoja, namwuliza swali, kisha najizuia kumjibia; sasa huunganisha maneno matatu hadi manne, Kiswahili na Kisukuma vikiwa vimechanganyika, na walezi hawamkosoi kwa hilo.

Ada hulipwa kila wiki. Wakati wa mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa isipoingia ziwani na sisi wa Mwaloni tukiwa hatuna kitu, msimamizi hukubali kusubiri hadi giza lirudi.