Bloku ya kubadilishana ya Rotax 717 kwa boti za Sea-Doo: nzuri, ila anza na mipira ya petroli

Sea-Doo Sportster na Speedster za katikati ya miaka ya 1990 bado zinauzwa kwa bei ya kutupa huko Marekani na Kanada, na sababu ni ile ile: boti nzima, injini imekamata. Injini yenyewe mara nyingi ni Rotax 717 ya mipigo miwili, silinda mbili, cc 718, nguvu farasi 85; Speedster inabeba mbili. Karakana za ukarabati huuza bloku iliyokwisha kufungwa, na ukirudisha ya zamani unarudishiwa amana uliyolipa.

Kama bidhaa, tunaipendekeza kuliko kufanya ovaholi mwenyewe. Krankishafti ya injini hii imeshindiliwa vipande kwa vipande, na kubadilisha beringi zake kunahitaji presi na vifaa vya kuinyoosha. Nyumbani hutavipata. Lakini dhamana hulinda bloku tu, na bloku mpya hufa kwa ugonjwa ulioua ya kwanza.

Ugonjwa huo mara nyingi ni mipira ya petroli ya kijivu iliyotoka nayo kiwandani. Inaoza kwa ndani. Chomoa mmoja, ingiza kijiti: kikitoka na ute wa kijani, umempata muuaji. Ute huo huziba kichujio kidogo kilichofichwa ndani ya kila kabureta, silinda inakosa petroli ya kutosha, joto linapanda, pistoni inakamata. Kwa hiyo mipira yote ibadilishwe, swichi ya petroli ioshwe, na kabureta zifunguliwe kabisa zifungwe na seti ya vipuri halisi vya Mikuni, watengenezaji wa kabureta hizo. Kupuliza hewa kwa nje hakusaidii kitu.

Kutoa injini si kazi ngumu, ni ya kuchosha mgongo. Toa betri, silensa, kabureta, pampu ya oili na waya (zipige picha kabla), kisha fungua pampu ya jeti nyuma ya boti na uvute shafti. Vibati vyembamba vilivyo chini ya miguu ya injini viwekewe alama, kila kimoja kirudi mahali pake.

Kabla ya kuteremsha bloku mpya, ziba matundu yote uipime kwa hewa ya psi 5 (psi ni kipimo cha shinikizo). Ikishuka ndani ya dakika 3, irudishe ilikotoka. Pima pia nafasi kati ya diski ya vali (inayozunguka na kufungulia injini mchanganyiko wa petroli na hewa) na kifuniko chake, iwe milimita 0.25 hadi 0.35.

Wengi hukosea kwenye mipira miwili ya oili inayolisha shafti ya vali hiyo. Usipotoa hewa humo, gia ya shaba inazunguka kavu na meno yanaliwa, hata kama oili inayochomwa pamoja na petroli inafika vizuri. Jaza, subiri mapovu yaishe, ndipo ufunge. Oili iwe ya daraja la API-TC. Ile ya TC-W3 ya mashine za nje, zinazofungwa nyuma ya boti, waachie wavuvi.

Kulinganisha injini na pampu ya jeti usikisie kwa macho. Azima au kodi chombo cha kupimia ulinganifu huo, kiingize kutoka nyuma: kiteleze bila kusukumwa. Kikigoma, ongeza au punguza vibati. Injini iliyopinda kidogo itatetemesha boti, itakula meno ya shafti na ringi ya kaboni inayozuia maji, na hapo boti inaanza kujaa. Meno yapakwe grisi kabla ya kuunganisha.

Tangi la kwanza changanya mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli, juu ya ile inayosukumwa na pampu ya oili, na usipeleke resi hadi mwisho. Ukiwasha nchi kavu, washa injini kwanza ndipo ufungue bomba la maji ya kupoza. Ukizima, funga maji kwanza. Ukigeuza mpangilio huo, maji yanapita kwenye ekzosi yanaingia silinda. Ikishapoa pima kompresheni: karibu psi 150, na tofauti ya silinda mbili isizidi 10.

Bloku ya zamani imwage petroli na oili yote kabla ya kuifunga kwenye sanduku, na soma masharti: iliyotoboka kwa kawaida hukatwa sehemu ya amana.