Uzoefu wangu na Kamusi ya Kiswahili Sanifu kazini

Nakala yangu ni ya toleo la pili, la mwaka 2004, na mgongo wake sasa umeshikizwa kwa selotepu. Nimeitumia karibu kila siku ya kazi kwa zaidi ya miaka kumi, nikisahihisha matangazo ya zabuni, ripoti na vitabu vya watoto, kwa hiyo haya ni maoni ya mtu aliyeichakaza, si ya aliyeiazima.

Siku iliyonitia adabu ni ile ofisi moja iliponiletea tangazo la “ununuzi wa thamani za ofisi”, nami nikalipitisha, kwa kuwa jicho langu lilikuwa likiwinda koma na herufi kubwa tu. Aliyelishika kosa ni fundi seremala mmoja mtu mzima aliyefika kuulizia zabuni hiyo: “Mwanangu, hapa mnanunua meza au mnanunua bei?” Tangu hapo, samani na thamani, zana na dhana, dhibiti na thibitisha, yote nayatazama upya hata kama nayajua tangu utotoni, na hapo ndipo kitabu hiki kinaporudisha gharama yake.

Kwangu mimi, kilicho bora zaidi humo si fasili bali vile vialama vya upatanisho vinavyofuata nomino. Mtu akishikilia kuwa “masaa” ni sahihi, sina haja ya kumhutubia. Namfungulia saa, anaiona i-/zi- (saa hii imefika, saa hizi zimefika), anaelewa kwamba iwe moja au kumi, zote ni saa. (Mimi mwenyewe nikiwa kwenye daladala husema masaa, lakini daladala halisahihishwi.)

Anayeanza kuitumia hana budi kujua njia zake. Nomino zimepangwa pamoja na viambishi vyake vya umoja, ndiyo maana herufi M ni nene kupita kiasi, na anayetafuta “waandishi” kwenye W atarudi mikono mitupu mpaka akumbuke mwandishi. Vitenzi navyo vinataka kuvuliwa nguo zote: “hawakupigiana” utaipata kwa kwenda kwenye piga. Wanafunzi wengi niliowaazima huirudisha wakisema neno halimo, kumbe limo.

Kazi hii iliandaliwa na TUKI, iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na toleo la kwanza lilitoka mwaka 1981. Sanifu inayoifuata ilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na jambo hilo linafaa kukumbukwa unaposoma mwandishi aliyelelewa na Kimvita, lahaja ya Mombasa, kwa sababu neno lake linaweza kuwa halali kabisa huku kamusi yako ikilinyamazia.

Pale inaponipungukia ni kwenye maneno ya juzi na jana, na hilo si la kuilaumu, maana kitabu hakikui rafuni. Wakati wa sensa ya Tanzania ya Agosti 2022 kila karani alikuwa na kishikwambi (yaani tableti) mkononi, neno ambalo nakala yangu haikuwahi kulisikia. Barakoa nayo ilikuwa neno la kale la pwani, kifuniko cha uso cha wanawake, hadi UVIKO-19 ilipolitoa kabatini na kulivisha watu wote. Tena kamusi haiwezi kuniambia msomaji wa Mwanza atalipokeaje neno tarakilishi, ambalo mteja wangu wa Nairobi huliandika bila kusita pale ambapo mimi nimezoea kompyuta. Kwa hilo huwapigia simu watu wawili watatu, kisha naamua.

Toleo la tatu lilitoka mwaka 2013, na anayenunua leo achukue lililo jipya kuliko yote. Mimi bado nimo na langu la zamani, kwa sababu pambizoni mwake, kwa penseli, karibu na mwisho wa ki-, kishikwambi tayari nimekiandika, pamoja na ki-/vi- yake.