QED ya Feynman: kama unataka kuelewa kani hata moja tu, anza na hiki

Wale mnaoulizaga kitabu gani cha fizikia ya chembe mtu asiyejua hesabu anaweza kusoma na akaelewa kweli, jibu langu ni QED cha mwanafizikia Richard Feynman, cha mwaka 1985 (QED ni kifupi cha quantum electrodynamics, nadharia ya jinsi mwanga na elektroni zinavyoingiliana). Vitabu vingi vya aina hii vinakupitisha mbio kani zote nne, yaani nguvu za msingi za asili, uvutano, sumakuumeme, nguvu kali, nguvu dhaifu, majina ya chembe yanamiminika tu, ukimaliza unabaki na majina. Feynman kachukua moja, ile ya mwanga na elektroni, ndo hiyo iliyompa Nobel 1965 pamoja na Schwinger na Tomonaga, akakaa nayo karibia kitabu kizima.

Na anaanza na kioo. Mwanga ukipiga uso mmoja wa kioo, kwa wastani fotoni (chembe za mwanga) 4 kati ya 100 zinarudi. Sasa weka na uso wa nyuma, ungesema zitarudi 8, kumbe inategemea unene wa kioo, unaweza kupata 0 na unaweza kupata mpaka 16, unene ukiongezeka inapanda inashuka inapanda tena. Hivi fotoni moja inajuaje kioo kina unene gani? Jibu lake ni mishale: kila njia ambayo mwanga ungeweza kupita unaichorea mshale, unaelekea wapi inategemea muda wa safari, unaiunga yote kichwa kwa mkia, halafu urefu wa mshale unaopatikana ukiuzidisha kwa wenyewe ndo uwezekano. Basi, hakuna zaidi. Shika penseli uchore naye, hasa pale kwenye kioo cha kujitazamia, utaona sehemu zote za kioo zinachangia ila za pembeni mishale yake inazunguka na kufutana. Ukikwangua zile sehemu ambazo mishale yake inafuta mingine, mwanga unaanza kurudi kutoka sehemu uliyodhani haina kazi, na ukijaribu inatokea kweli!! Hapo nilisisimka mno.

Baadaye yote anayabeba kwa matendo matatu: fotoni inasafiri, elektroni inasafiri, elektroni inatoa au inameza fotoni. Lile tendo la tatu lina namba yake, ukiizidisha kwa yenyewe unapata karibu na 1/137, na anasema wazi kwamba hakuna anayejua inatoka wapi. Nampendea hapo, hafichi kitu.

Sura ya nne ndo imelegea, kwaki, gluoni, W na Z, yaani chembe za zile nguvu kali na dhaifu, vyote kavirundika haraka haraka, na imepitwa na wakati pia maana kwaki topu imepatikana 1995 pale Fermilab, Marekani, na chembe ya Higgs 2012 pale CERN, maabara ya fizikia ya chembe ya Ulaya. Kwa hizo tafuta kitabu kipya, ila sura tatu za kwanza zisome taratibu kwa mpangilio wake, ya kwanza usiiruke hata kama unaona mwanga unaujua, ukiikosa mishale huko mbele hutaelewa kitu.