Miezi minne ya kumpigisha mswaki mbwa wangu: dawa ya meno ya ladha ya kuku na mswaki wa kidoleni

Shaba ni mbwa wetu wa kienyeji, jike, ana miaka saba, analala barazani kwetu Ilazo hapa Dodoma. Mwaka jana mwanangu wa mwisho alianza kumkwepa. "Mama, Shaba ananuka mdomo." Nikadhani ni vitu anavyookota jalalani. Siku nilipomfunua midomo nikaona magego ya juu yamefunikwa na ugaga wa kahawia, mgumu kama ule ukoko unaoganda ndani ya birika kwa haya maji yetu ya visima. Ufizi ulikuwa na mstari mwekundu pale unapokutana na jino, na nilipougusa ukatoa damu. Iliniuma sana. Mbwa anatulinda kila usiku, na sisi miaka yote hiyo hatujawahi kumtazama kinywani.

Daktari wa mifugo aliniambia wazi kwamba hapo mswaki umeshachelewa. Utando laini unaoshika kwenye meno baada ya kula unaweza kufutwa nyumbani, lakini ukiachwa siku mbili tatu, madini yaliyomo kwenye mate huugeuza jiwe, na jiwe hilo halitoki kwa kusugua. Ikabidi Shaba apigwe nusu kaputi, akwanguliwe, na gego moja lililokuwa linacheza likang'olewa. Mbwa mzima ana meno 42. Shaba amebaki na 41. Niliamua hayo yaliyobaki hayatang'oka kwa uzembe wangu.

Dawa yenyewe sikuipata kwenye maduka ya dawa za mifugo ninayoyajua hapa mjini. Wanazo za minyoo na kupe, za meno hawana. Shemeji yangu alinunua Dar es Salaam, akaja nayo kwa treni ya SGR: tyubu ya gramu 70 yenye vimeng'enya na ladha ya kuku, pamoja na mswaki wa mpira wa kuvaa kidoleni. Vyote viwili shilingi 32,000. Si pesa ndogo, lakini niliyolipa siku ya kukwangua ilikuwa mara nyingi ya hiyo.

Kuna jirani aliniuliza kwa nini nisitumie dawa yetu ya kawaida. Tafadhali msifanye hivyo. Mbwa hasukutui wala hatemi, anameza yote, na ile floridi haimfai tumboni. Nyingine zina zailitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, ambacho kwetu hakina shida lakini kwa mbwa kinashusha sukari ya damu ghafla na kinaweza kuharibu ini. Hii ya mbwa imetengenezwa imezwe, kwa hiyo hakuna kusuuza.

Wiki ya kwanza sikumsugua kabisa. Nilimlambisha tu dawa kwenye kidole baada ya chakula cha jioni, mpaka akawa anakuja mwenyewe akiisikia harufu. Wiki ya pili nikawa nainua mdomo wa juu na kupitisha kidole kwenye chonge. Wiki ya tatu ndipo nikaingia kwenye magego. Sijawahi kumfungua kinywa kwa nguvu. Nasugua upande wa nje tu, kwa miduara midogo pale jino linapoingia kwenye ufizi, kwa sababu upande wa ndani ulimi unasaidia. Nakaa zaidi kwenye lile gego kubwa la juu. Karibu nalo ndipo mate yanapotokea, na ndipo ugaga wake ulikuwa mnene kuliko kwingine kote. Kazi nzima haifiki dakika mbili.

Mswaki wa kidoleni haukuniridhisha. Mpira wake ni mnene, haufiki kwenye ukingo wa ufizi, na nyuma kabisa kidole changu kinakosa nafasi. Baada ya mwezi niliuacha nikanunua mswaki laini wa watoto wadogo, tofauti nikaiona ndani ya wiki. Ule wa kidoleni unafaa kwa siku za kumzoesha tu. Dawa yenyewe sina cha kulalamikia, isipokuwa tyubu inakwisha wiki kama saba kwa mbwa wa ukubwa wake, na kuagiza Dar kila mara kunachosha.

Vitu viwili tumeviacha nyumbani. Baba watoto alikuwa akitoka mnadani Msalato anamletea mifupa ya nyama choma. Mifupa iliyopikwa inapasuka vipande vyenye ncha, na inavunja magego. Daktari alinifundisha kwamba kitu ambacho ukikikandamiza kwa ukucha hakibonyei, ni kigumu mno kwa jino la mbwa. La pili ni zabibu. Msimu ukifika watoto walikuwa wanamrushia kama zawadi, na kumbe zinaweza kuua figo za mbwa. Sasa akimaliza mswaki anapewa kipande cha karoti.

Harufu imekwisha, na mwanangu amerudi kumkumbatia. Ufizi ni wa waridi karibu kote; kushoto nyuma, jirani na pale lilipong'olewa gego, bado kuna wekundu kidogo, na mwezi ujao nampeleka akatazamwe. Dawa naipa nne kati ya tano. Mswaki wa kidoleni, mbili.