Tingatinga, Matisse na vizibo vya soda: uzoefu wangu na darasa la sanaa la watoto hapa Dodoma

Wazazi wenzangu wa mitaa ya Kisasa na Ilazo wamekuwa wakiniuliza kama lile darasa la sanaa la Jumamosi lina maana yoyote, au ni mahali pa kuwaweka watoto tu wakati sisi tunahangaika na usafi na soko. Jibu la haraka: lina maana, ila si kila Jumamosi na si kwa kila umri. Wanangu wawili, binti wa miaka saba na mdogo wake wa miaka minne, wamemaliza muhula mzima pale, kwa hiyo naandika kama mteja aliyelipa. Jina la darasa silitaji kwa sababu malalamiko nayo yapo, na wanaoliendesha ni vijana wanaojitafutia.

Utaratibu wao ni huu. Jumamosi asubuhi kuanzia saa tatu mpaka saa tano na nusu, watoto wanakaa kwenye mikeka barazani na kutambulishwa kwa msanii mmoja maarufu. Ticha anasimulia maisha ya huyo mtu kwa ufupi, anaonyesha picha zake mbili tatu alizochapisha kwenye karatasi kubwa, halafu kazi ya mikono inaanza. Ada ni shilingi 12,000 kwa siku au 40,000 kwa mwezi, na ukileta watoto wawili yule wa pili anapunguziwa. Rangi, brashi na gundi ni vyao. Maboksi, magazeti ya zamani na makorokoro mengine unaleta wewe.

Siku ya Edward Saidi Tingatinga peke yake ingetosha kunifanya nilipie tena. Watoto waliambiwa kwamba alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akafika Dar es Salaam kutafuta riziki, na mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya ubao wa dari kwa rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli, kwa kuwa ndiyo iliyopatikana kwa bei yake. Basi na wao hawakupewa karatasi. Walipewa vipande vya siling bodi vilivyokatwa mraba, wakapaka chini rangi moja tupu, wakasubiri ikauke, ndipo mnyama akaja juu yake. Wakubwa walishika rangi ya mafuta yenyewe, nje chini ya mwarobaini ambako harufu inapeperuka. Wadogo walipewa rangi ya maji ya ukutani iliyokolezwa. Nukta za ngozini zilipigwa kwa vijiti vya pamba vya kusafishia masikio. Binti yangu alirudi ananuka mafuta ya taa mpaka kwenye nywele, maana ndiyo waliyooshea brashi, akiwa amebeba chui mwenye miguu mitano. Nilipouliza mguu wa tano ni wa nini, nikajibiwa kwamba huyu chui anakimbia.

Siku hiyo ilizua maneno kidogo kwenye grupu la WhatsApp. Mtoto mmoja aliuliza huyo Tingatinga yuko wapi sasa, na ticha akasema kweli: alikufa mwaka 1972, polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu waliyekuwa wakimfukuza. Wazazi kadhaa hawakupenda. Mimi nilipenda. Alisema kwa sentensi moja, hakutia chumvi, akarudi kwenye kazi. Watoto wetu wanasikia mabaya zaidi ya hayo kwenye taarifa ya habari wakiwa wanakula chakula cha usiku.

Faida yake niliiona tulipokwenda Dar kwa dada yangu. Sebuleni kwake kuna picha ya kanga na tembo iliyoning'inia pale tangu mimi nasoma sekondari, na sijawahi kuitazama mara mbili. Binti alipomaliza kuamkia tu, akaisogelea.

"Shangazi, hii ni Tingatinga."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna kivuli, halafu chini wamepaka rangi moja. Na nukta."

Shangazi mtu akanigeukia kuniuliza huko Dodoma tunawasomesha wapi watoto.

Nadhani siri iko hapa. Siku darasa linapofanya vizuri, mtoto anaingizwa kwenye shida aliyokuwa nayo msanii, kisha anaachwa ahangaike nayo: huna rangi ya maana, una ya baiskeli, utafanyaje? Akishahangaika, jina linakaa kichwani bila kukaririshwa. Siku wanaposhindwa ni pale wanapompa mtoto picha iliyokwisha kumalizika ili aipake. Muhula mzima nimeuona hivyo, Jumamosi moja hivi, nyingine vile.

Siku ya Henri Matisse, kwa mfano. Huyu alikuwa Mfaransa, alizaliwa mwaka 1869, na mwaka 1941 alifanyiwa operesheni kubwa ya tumbo. Baada ya hapo kusimama muda mrefu akichora kukawa taabu. Akashika mkasi. Wasaidizi wake walipaka karatasi rangi, yeye akikata maumbo akiwa kwenye kiti cha magurudumu au kitandani, bila kuchora kwanza kwa penseli, kisha yanabandikwa ukutani pale anapoelekeza. Ticha aliwapakisha watoto karatasi wiki moja kabla. Wiki iliyofuata wakazikuta zimekauka, wakaambiwa walale kifudifudi kwenye mikeka, wakate, na penseli zote zikakusanywa kwenye ndoo. Kulikuwa na manung'uniko ya ajabu kuhusu hizo penseli. Halafu ticha akachukua chaki, akachora mraba sakafuni, mita tatu kwa tatu, akawaambia ile picha ya Matisse iitwayo Konokono, aliyoitengeneza mwaka 1953 na ambayo sasa iko London, inakaribia ukubwa huo. Watoto wote wakaingia wakalala ndani ya mraba na nafasi ikabaki. Kwa mtoto ambaye picha zote anaziona kwenye simu, kidole kwa kidole, mraba ule ulikuwa somo zuri kuliko maelezo yote.

Ila hapo hapo ndipo mwanangu mdogo alipoharibiwa siku. Mkasi wa plastiki aliopewa haukukata hata gazeti, akaanza kuchana karatasi kwa vidole, na ilikuwa inatoka vizuri kwelikweli, kingo zina manyoya. Msaidizi mmoja, kwa nia njema, akamnyang'anya taratibu akamkatia duara safi, akabandika na kuandika jina la mtoto chini. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ile kazi haipo ukutani kwetu, kwa sababu mwenyewe aliikataa, alisema si yake.

Alizeti sasa. Vincent van Gogh, Mholanzi, alizichora mwaka 1888 akiwa Arles, kusini mwa Ufaransa, kupamba nyumba aliyokuwa akimsubiria rafiki yake Paul Gauguin, na nyingine alizichora zikiwa zimenyauka zimebaki mbegu. Swali la kwanza kutoka kwenye mkeka: "Alikuwa anauza mafuta?" Mtoto wa mkoa huu alizeti anaijua kwenye dumu la mafuta ya kupikia na kwenye mashudu ya ng'ombe, kwa hiyo swali lilikuwa la haki. Ticha alikuwa ameleta vichwa vya alizeti vilivyokauka kutoka shambani Kongwa, kila mkeka na kichwa chake, wakavigusa na kuvigeuza upande wa nyuma. Ili rangi isimame nzito kama ya Van Gogh, walichanganya rangi ya njano na uji mzito wa ngano, wakapaka kwa migongo ya vijiko na kuchora mistari kwa meno ya uma na vitana vilivyovunjika. Kisha wakapachika mbegu halisi katikati. Zilitoka picha nzuri mno, unaweza kuzisoma kwa vidole ukiwa umefumba macho. Tatizo ni kwamba ngano na mbegu za alizeti ukizitundika ukutani umewapikia sisimizi. Wiki haikuisha, msururu ulikuwa unapanda kutoka dirishani. Ya binti tumeihamishia barazani, ya mdogo wake aliimenya mbegu akazila. Hata hivyo wangefanya tena ningewaruhusu.

Siku ya El Anatsui ilinitia mimi mwenyewe kazini. Huyu ni msanii wa Ghana, aliyezaliwa 1944 na kufanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria. Anachukua vizibo vya chupa za pombe, maelfu kwa maelfu, anavibonda na kuviunganisha kwa waya wa shaba mpaka vinakuwa mithili ya kitambaa kikubwa kinachoning'inia ukutani kwa mikunjo. Ujumbe ukaja kwenye grupu Ijumaa saa mbili usiku: kila mtoto aje na vizibo hamsini. Ijumaa usiku! Nikapita glosari mbili jirani, muuzaji wa kwanza akadhani kuna promosheni mpya, wa pili akaniuliza kama nimepatwa na tatizo nyumbani. Mama mmoja wa kwaya kanisani kwetu alinipigia simu akiniomba nimgawie, maana yeye hawezi kuonekana pale. Kazi yenyewe ilipendeza. Vizibo vya soda ni vya bati gumu, tofauti na vile laini vya alumini anavyotumia Anatsui, kwa hiyo ticha alikuwa amevigonga nyundo na kuvitoboa kwa msumari kabla, watoto wakaunganisha kwa waya mwembamba. Kingo lakini hazikusuguliwa. Mtoto mmoja alichanika kidole, na kisanduku cha huduma ya kwanza hakikuwa na hata plasta. Hilo nililisema, na nashukuru wiki iliyofuata plasta zilikuwepo.

Kuhusu siku mbaya sitasema mengi. Leonardo da Vinci: fotokopi ya Mona Lisa, krayoni, paka ndani ya mstari. Frida Kahlo, mchoraji wa Meksiko ambaye ajali ya basi ya mwaka 1925 ilimlaza kitandani miezi na ndipo akaanza kujichora mwenyewe, alistahili kioo mbele ya kila mtoto. Alipewa fotokopi pia. Zilirudi nyumbani picha zinazofanana kama sare za shule, na ukimwuliza mtoto leo Mona Lisa ni nani anakwambia "yule wa krayoni".

Kinachonikera zaidi ni siku ya Kolo, kijiji chenye michoro ya kale ya miambani. Michoro hiyo ya Kondoa iko mkoa huu huu, barabara ya lami ya kwenda Babati, ukishapita mji wa Kondoa. UNESCO iliiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikaa pale mwaka 1951 akiinakili. Kuna twiga, kuna swala, kuna watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu. Ile myekundu ni ya kale zaidi na huhusishwa na mababu wa Wasandawe, myeupe imekuja baadaye juu yake. Darasa liliipa Jumamosi ya mwisho kabisa, na walikuwa wamechoka. Lakini hata hivyo! Walisaga udongo mwekundu kwenye jiwe, wakauchekecha kwa kipande cha chandarua, wakachanganya na kiini cha yai, wakachora kwa vidole na vijiti vya mswaki vilivyotafunwa ncha, kwenye mawe waliyookota wenyewe. Mwanangu mdogo, ambaye mkasi ulimshinda, hapo hakusaidiwa na mtu. Alichora mbuzi, au labda gari, akakataa kuondoka.

Binti akauliza jina la aliyechora vile Kolo, kwa kuwa muhula mzima kila picha ilikuwa na jina. Ticha akasema majina yao hayajulikani. "Sasa tutamwandikaje?" Maana utaratibu wao ni kuandika jina la msanii nyuma ya kila kazi. Walibishana kidogo, mwisho kila mmoja akaandika Kolo na jina lake mwenyewe. Somo kama hilo lilistahili kuwa la kwanza, na lifuatiwe na safari. Nimewaambia. Wanasema watapanga safari wakati wa likizo ya Juni, wazazi tuchangie basi dogo. Mimi nimeshasema nachangia.

Mengineyo ni ya kawaida. Baraza halina ukuta upande mmoja, na upepo wa Dodoma mnaujua, karatasi zinakandamizwa kwa mawe na bado zinaruka mpaka kwa jirani. Maji yakikatika wanatumia ndoo, hakuna shida. Choo ni kisafi. Watoto wa miaka minne kuchanganywa na wa miaka kumi hakufai, wadogo wanaishia kutengenezewa kazi na wasaidizi. Na vifaa vya kuleta vitajwe Jumatano, si usiku wa Ijumaa.

Muhula ujao binti anarudi. Mdogo wake nimemtoa mpaka afikishe miaka sita, au mpaka wafungue lile darasa la wadogo wanaloahidi. Kama unataka kujaribu, lipia siku moja kwanza kabla ya mwezi, na uliza wiki hiyo ni msanii gani na watoto watashika nini mikononi. Ukisikia fotokopi, subiri wiki inayofuata. Mvalishe mtoto nguo chakavu kabisa. Rangi ya mafuta ikishakaukia kwenye kitambaa haitoki, hata ufue kwa sabuni gani.